Chumvi ya Mtu wa Eksirei

Mtu wa eksirei wa hospitali yetu husema maneno yaleyale kutwa: "Vuta pumzi. Bana. Haya, pumua." Mgonjwa akitoka, hufuta meza kwa mkono wa koti, kisha hukaa akipasha vidole kwa pumzi yake. Huu ni mwaka wa tatu nafagia chumba chake, na salamu yangu ya "kamwene" huiitikia bila kuinua uso. Jana fagio langu liligonga kopo la maziwa mvunguni.

"Acha!" Halafu, taratibu: "Funga mlango, Mama Oktavia. Njoo uone."

Sikujua kama analijua jina langu. Ndani ya kopo mlikuwa na bonge la chumvi ya mawe, ile ya ng'ombe, aliyoiweka kwenye mionzi miezi mingi hadi ikawa rangi ya asali.

"Mwanga unaila rangi hii," alisema. "Kila nikifungua, inapungua."

"Basi funika, nimeshaona."

Hakufunika. Alivuta viti viwili dirishani, akaliweka bonge juani katikati yetu, akaanza kunisimulia habari zake. Lilipopauka kabisa, bado alikuwa anasimulia.