Nukta Niliyoiona Mimi

Kaka zangu walipelekwa shule, mimi nikaachiwa ng'ombe. Kusoma nilijifunza ukubwani, nikipiga deki ofisi ya chama cha maziwa hapa Molo. Aliyenifunza ni mzee Gathogo, mwandishi wa programu ya chama. Aliniambia zamani watu waliiamuru kompyuta kwa namba tupu, wakitoboa kadi. Kisha ikaja lugha ya COBOL, iliyotungwa kwa maneno ya kawaida ili hata karani aisome.

"Hata wewe, Chepkurui," alisema. "Lakini chunga nukta. Sharti linaishia kwenye nukta."

Mwaka jana walimstaafisha, wakamleta Gedion, kijana wa Nakuru, aandike yote upya kwa lugha ya Python. Jumatatu ya kwanza, orodha ya langoni, ya wafugaji wa kupokelewa maziwa, ilitoa majina ya wale tu ambao maziwa yao yalikuwa yamekataliwa jana yake. Wenye maziwa mazuri ndio wakafukuzwa! Nikamwonyesha Gedion karatasi ya zamani yenye programu ya mzee Gathogo.

"Inasema, maziwa yakikataliwa, andika sababu. Nukta. Kisha andika jina la kila mtu. Wewe umeunganisha."

"Mathe, Python haina hizo nukta. Ni nafasi tu pale mwanzo wa mstari."

"Basi hiyo nafasi umeiweka vibaya."

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akasogeza mstari mmoja kushoto. Majina yote yakarudi.

Mkutanoni, meneja Kosgei akampigia makofi. "Nilikesha nikiitafuta hiyo hitilafu," Gedion akasema, nami nimesimama hapo na birika mkononi!

"Mimi ndiye niliyeiona," nikasema.

"Chepkurui, mimina chai." Ukumbi mzima ukacheka.

Wiki iliyopita orodha iliharibika tena. Gedion alikuja jikoni. "Mathe, plizi, hebu kuja uangalie." Nikakataa. Akaja Kosgei mwenyewe.

"Dada yako Jepkemei yuko langoni. Maziwa yake yataharibika."

"Najua."

"Sasa unataka nini?"

"Useme mbele ya wafugaji ni nani aliona lile kosa."

"Si mimi na Gedion tunajua? Haitoshi?"

"Haitoshi."

Alisimama mlangoni, akatazama nje, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni Chepkurui."

"Langoni hawajakusikia," nikamwambia, na sikuinuka kitini.