Chupa Mbili, Pua Moja na Karatasi Nyeusi Tii

Hakuna unga mweupe duniani unaoweza kunidanganya.

Nifunge macho kwa kitambaa, nipitishie chini ya pua: ngano, chokaa, sukari ya unga, chochote. Nitakutajia mmoja mmoja bila kukosea. Pua hii si ya mchezo.

Sasa njoo nikusimulie siku karatasi ya dada yangu ilipogeuka nyeusi tii mbele ya bosi wake. Nyeusi kama kitako cha sufuria.

Dada yangu ni mtafiti. Mimi naosha vyombo kwenye maabara hiyohiyo.

Nilipomaliza sekondari nilikaa nyumbani nikichezea simu mpaka mama akachoka. Akamwambia dada, "Nenda naye huyu, hata kama ni kufagia."

Basi nikaenda. Naosha chupa, napanga chupa, na kidogo kidogo navunja chupa.

Kazi ya dada ni kuchungulia seli zinapotaka kugawanyika. Ndani ya seli kuna protini fulani, imetulia tu kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Wakati ukifika inabandikwa kijibandiko cha fosfeti, na hapo ndipo seli inaanza kugawanyika.

Kijibandiko chenyewe huwezi kukiona kwa macho. Ndiyo maana kuna kingamwili. Unaimwaga, inaitafuta protini yenye kijibandiko na kuing'ang'ania. Isiyo na kijibandiko inaipita kama vile haijawahi kuiona.

Dada alikuwa amebakiwa na matone mawili ya kingamwili hiyo.

Matone! Ukiagiza nyingine unasubiri miezi.

Na bosi alikuwa ameshamwekea siku. Tunamwita Mama Barafu, kwa sababu hajawahi kuonekana akitoka jasho. Alimwambia dada, "Ijumaa nataka kuona mstari mmoja mweusi, safi. Nisipouona, mada hii nampa mtu mwingine."

Dada ameishi na ile mada kuliko alivyoishi na mimi. Usiku anaiota. Nimemsikia.

Sasa, hiyo kazi inafanyika hivi. Protini hupangwa kwenye karatasi nyeupe laini. Kabla ya kumwaga kingamwili, unailoweka karatasi kwenye maji yenye protini nyingine, ili kingamwili isije ikanata ovyo kila mahali. Wengi hutumia maziwa ya unga. Kweli kabisa, maziwa.

Dada akanipa kazi hiyo, maana yeye alikuwa anaandaa maelezo ya kumpa bosi.

"Nisikilize. Usitumie maziwa. Maziwa nayo yana protini zenye fosfeti, kingamwili yangu itayarukia. Tumia albumini, ile protini isiyo na fosfeti. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

"Sema."

"Albumini."

"Na usitumie nini?"

"Maziwa. Dada, mimi si mtoto."

"Ungekuwa mtoto ningekuamini."

Tatizo ni kwamba mapema wiki ile nilikuwa nimeshikwa na bidii. Nilichukua kitambaa na spiriti, nikazing'arisha chupa zote za kabatini. Ziliwaka! Ila spiriti ilifuta na maandishi.

Chupa ya maziwa na chupa ya albumini zikabaki uchi. Unga huu mweupe, na ule mweupe.

Ungekuwa wewe ungeenda kuuliza. Mimi nilinusa.

Nikanusa hii, nikanusa ile. Nikatikisa kichwa kama daktari bingwa. Halafu nikaandika upya kwa kalamu ya wino mzito: hii ALBUMINI, hii MAZIWA. Ile ya maziwa nikaichorea na kijiua.

Ijumaa nikachota kwenye chupa ya ALBUMINI, nikakoroga, nikailoweka karatasi. Dada akaja, akamwaga tone lake moja la kingamwili. Tukasubiri. Tukaosha. Tukaiingiza karatasi kwenye mashine ya kupiga picha; pale kingamwili iliposhika ndipo panapotokea weusi.

Mama Barafu akasimama nyuma yetu, mikono kifuani.

Picha ikatokea kwenye kioo.

Nyeusi. Pembe hadi pembe. Ungedhani tumepiga picha ndani ya gunia.

"Mstari uko wapi?" akauliza Mama Barafu.

Nikaona nimsaidie dada.

"Upo ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya huo weusi."

Aliniangalia mpaka nikasikia baridi.

Kisha akamgeukia dada. "Kingamwili yako imeharibika, inashika kila kitu. Tupa hilo tone lililobaki. Jumatatu tutazungumza kuhusu mada."

Dada akachukua kale kachupa kadogo kenye tone la mwisho. Akasogea kwenye pipa la taka. Mdomo ulikuwa unamcheza kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipovuta pumzi.

Nikapiga hatua mbele. Kifua wazi. Nikanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Dada, usitupe! Kingamwili ni nzima. Kosa ni langu, chupa nilizibadilishia majina. Kwenye karatasi nimeweka maziwa!"



Dada akairudisha ile karatasi kwenye maji makali ya kuondoa kingamwili ya kwanza. Akailoweka upya, safari hii kwa unga wa chupa yenye kijiua. Akamwaga tone la mwisho.

Tukaipiga picha tena.

Mstari mmoja. Mweusi, mwembamba, mzuri kama nyusi iliyochongwa saluni.

Mama Barafu akatabasamu kwa nusu ya mdomo, hiyo nusu nyingine naamini bado haijayeyuka. Akasema, "Mada ni yako." Dada akanikumbatia, akanipiga konzi, akanikumbatia tena.

Funzo ni hili, ndugu zangu: ukikosea, jitokeze mwenyewe bila kusukumwa, kama nilivyofanya mimi. Utaheshimiwa.

Nilikuwa nimeandika hadi hapo, nikampa simu mlinzi wetu wa getini asome kabla sijaposti. Ni mtu mzima, namwita Mjomba, na ndiye mwenzangu wa chai kila asubuhi.

Akasoma taratibu. Akavua miwani.

"Mpwa wangu, hadithi tamu. Huyu kijana shujaa ni nani?"

"Si ni mimi, Mjomba!"

"Ahaa. Maana mimi nilipofungua mlango wa maabara siku ile, wewe ulikuwa umechuchumaa nyuma ya friji."

"Nilikuwa natafuta kifuniko."

"Na aliyegundua kosa alikuwa dada yako mwenyewe, baada ya kuchungulia kikombe changu. Mbona kikombe hujakiandika?"

Nikaanza kukuna kichwa.

"Au niwaambie mimi? Kwamba wiki nzima ulikuwa unaniwekea kwenye chai maziwa ya maabara? Kwamba nilikuja na kikombe mkononi, nikasema, 'Jamani, huyu kijana yuko wapi, aniongezee chai ya maziwa yake, ila leo mabonge yapunguzwe'?"

"Mjomba, sauti."

"Dada yako akayaona yale mabonge yanaelea kama yai la kuchemsha. Akaniuliza maziwa tumeyatoa wapi, nikamwonyesha chupa yenye kijiua. Akasema maziwa hayagandi hivyo kwenye chai, hii ni albumini, tena ya damu ya ng'ombe. Akacheka huku analia. Mimi nikalia tu."

"Lakini mstari si ulitokea?"

"Ulitokea. Na wewe ukatokea, nyuma ya friji, ulipoona wanacheka."

Akanirudishia simu. Akavaa miwani. Nikadhani yamekwisha.

"Halafu siku ya kwanza nilikuuliza," akasema, "mbona chai hii ina ladha ya yai? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nikajifanya sikumbuki.

"Uliniambia, 'Kunywa, Mjomba. Pua hii si ya mchezo.'"