Mtu wa Tatu Saluni kwa Ardith

Ifahamike kwa wote, walipa kodi na wakwepa kodi, kwamba Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, katika chumba cha chini cha nyumba ya Bi Ardith Koopman, kati ya sinki na rafu ya shampuu, utawala wa sheria katika jimbo la Iowa ulitikiswa hadi misumari.

Ardith anatengeneza nywele. Pia ni mjumbe wa bodi ya shule zetu, na humo ndimo balaa lilimoingilia. Bodi ina watu watano. Sheria inasema watatu wakikutana wakagusia mambo ya shule, huo ni mkutano, na mkutano lazima ubandikiwe tangazo mlangoni siku moja kabla, ili kila mwananchi apate nafasi ya kuja kupiga miayo. Kwa hiyo wajumbe wetu huishi kama watu waliogombana. Kwenye chakula cha kanisani, wawili wakikaa meza moja, wa tatu hubeba sahani yake akaenda kula garini. Lowell Haas, mfuga nguruwe na mwenyekiti wa bodi, alimzika shangazi yake akiwa amesimama ng'ambo ya barabara, kisa wenzake wawili walikuwa wamewahi kufika makaburini. Hakuna aliyeona ajabu.

Lakini nywele huota bila kujali sheria, na mji mzima una saluni moja. Alhamisi ile mjumbe mwingine, Doreen Vlasak, alikuwa chini ya draya, ile kofia kubwa ya kukaushia nywele inayonguruma, kichwa kimejaa rola, Lowell alipochungulia kutoka ngazini.

"Kuna nani humo?"

"Doreen," Ardith akajibu.

"Basi nitarudi kesho."

"Kesho nafunga. Na ukienda mkutanoni na kichwa hicho, watu watadhani umelala bandani. Hebu kaa."

Lowell akakaa.

Kwenye benchi, nyuma ya gazeti la mapishi, mke wa Gaylord Stumbo alikuwa akisubiri zamu yake. Gaylord ana mashamba makubwa na hamu kubwa zaidi ya kuona shule ndogo ya Pell Creek inafungwa, kodi yake ipungue.

Jumatatu bodi ikapiga kura. Ardith, Lowell na Doreen wakataka shule ibaki, wawili wakakataa. Jumanne Gaylord alikuwa kwa wakili: watatu walikutana kwa siri saluni, kura ni batili. Kura ikifutwa, ingerudiwa na bodi mpya, maana mara baada ya kura hiyo muda wa Lowell ulikwisha na kiti chake kikachukuliwa na shemeji wa Gaylord. Pell Creek ingefungwa, watoto wapandishwe basi kungali giza, akiwemo mjukuu wa Ardith wa darasa la kwanza, ambaye hata viatu bado anavaa kinyume.

Wakili wa bodi akaja kwa Ardith na matumaini usoni. "Mama, labda siku ile mliongea habari za mvua?"

"Tuliongea habari za shule."

Wakili akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Nyote watatu?"

"Nikiulizwa mahakamani nitajibu."

Mahakamani mke wa Gaylord alieleza alivyosikia neno "shule" na neno "kura" kwa masikio yake mwenyewe. Kisha Ardith akapanda kizimbani, akaapa, akakaa kama anayesubiri basi. Wakili wa Gaylord akamkaribia kwa adabu ya paka.

"Bi Koopman, mlizungumzia shule?"

"Ndiyo."

Lowell akaanza kuchunguza dari.

"Wewe, Bwana Haas na Bi Vlasak?"

"Mimi na Lowell. Doreen alikuwa ndani ya draya. Mle hata treni ikipita husikii."

"Hayo ni mawazo yako tu, mama."

Jaji, mzee mwenye upara ambaye ni wazi habari za draya alizisikia kwa watu tu, akainama mbele. "Bi Koopman, kumbuka umeapa. Kama Bi Vlasak aliwasikia, mlikuwa watatu, na kura inaanguka. Kama hakusikia, mlikuwa wawili, na shule inabaki. Unajuaje kwamba hakusikia?"

Ardith akamtazama Doreen, aliyekaa mstari wa mbele, nywele zimekaa vizuri sana.

"Tulikuwa tunamsema yeye, Mheshimiwa. Lowell alisema Doreen huwa anamfuata aliyeongea mwisho, na mimi nikaongeza yangu. Muda wote alikuwa anatutabasamia."