Kalamu ya Kaka, Kaburi la Mama

Siku kaka yangu aliposhuka stendi akitokea Dar es Salaam, mimi ndiye niliyekwenda kumpokea. Nikamchukulia begi la nguo, kama ilivyo adabu kwa mgeni hata akiwa wa tumbo moja, kisha nikanyoosha mkono nichukue na mkoba mdogo wa ngozi. Akaurudisha nyuma haraka. Huo niachie mwenyewe, akasema. Nikadhani kabeba dawa za macho za baba. Kumbe kabeba kalamu.

Tulipofika kwangu Bombambili hakusubiri hata chai. Alifuta meza kwa kiganja, akatoa kifuko, ndani ya kifuko kitambaa, ndani ya kitambaa hiyo kalamu. Akaiweka mbele yangu, akakaa akinitazama usoni kuona nitafanya nini. Nikamuuliza kama anatumia sukari.

Basi akaanza kuieleza. Imetengenezwa kwa mkono huko Ulaya, fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nibu, ile ncha ya kuandikia, ni ya dhahabu. Hainunuliwi na wino tayari, unaichovya kwenye chupa, unazungusha kitako chake, inafyonza taratibu. Na mwili wake, mdogo wangu, ni mpingo. Alilitamka neno mpingo kama kwamba mti huo uligunduliwa na wauza kalamu. Jamani, mpingo! Si unatoka huku huku Ruvuma? Mama alikuwa na mchi wa mpingo, katwangia mahindi maisha yake yote, na hakuwahi kuushonea kifuko. Nikamwambia hivyo. Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumhurumia mtu asiyejua vitu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kalamu zangu nazitafuna vifuniko, nazisahau darasani, wanafunzi wananirudishia wakikumbuka. Kwa hiyo nilimuuliza, bila ubaya wowote, hii yako inaandika nini ambacho yangu haiandiki? Akavuta pumzi. Akasema kalamu ya dukani inakufanya uandike hovyo, lakini hii inakulazimisha utulie. Unafikiri kwanza. Kila neno unalipima. Halafu mtu akiiona mbele yako kwenye kikao, anajua papo hapo anaongea na nani. Na haiazimwi, maana nibu inazoea mkono wa mwenyewe, mkono wa mtu mwingine unaiharibu. Alisema hayo yote kwa unyenyekevu wa mtu anayeungama imani. Nilijua pia anangoja niulize bei. Nilimnyima raha hiyo, na Mungu anisamehe, niliona fahari kumnyima.

Kilichomleta lakini hakikuwa kalamu. Alikuja tulijengee kaburi la mama, huko nyumbani Maposeni.

Msalaba wa mti tuliouweka wakati wa mazishi ulikuwa umeliwa na mchwa, ukaanguka. Baba naye macho yameingia ukungu, anaona mwanga na kivuli basi. Zamani alikuwa akienda makaburini peke yake kwa fimbo, anapapasa ule msalaba, anajua amefika. Msalaba ulipoanguka, akapotea. Alisali rozari nzima kwenye kaburi la jirani, tena jirani ambaye yeye na mama hawakuwa wakisalimiana, mpaka mtu aliyekuwa akipita akamwambia. Baba aliporudi alikaa uani tu. Nilipokwenda kumwona, akaniambia jambo moja tu. Anataka kaburi la saruji, na jina la mama liandikwe ndani ya saruji ikiwa bado mbichi, lizame, ili alisome kwa vidole. Na wa kuandika awe mtoto wa kwanza, kaka. Mama alikuwa akijisifia mwandiko wa mwanawe huyo kwa kila mtu, hata kwa wanunuzi wa mahindi waliokuja na mizani yao.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na upepo unavuma. Fundi alimaliza kupiga niru, ule uji wa saruji wa kumalizia, kaburi zima, likawa laini, linang'aa, na pale kichwani akaacha nafasi ya jina. Ndugu walikuwa wamejaa. Baba aliketi kwenye kiti kando ya kaburi, amevaa koti lake la kanisani, mikono juu ya magoti. Fundi akampa kaka msumari wa inchi sita. Haya bosi, andika kabla haijashika.

Kaka aliutazama ule msumari kama mtu aliyepewa panya. Akasema haiwezekani kuandika tu hivi hivi juu ya mama yake mzazi. Lazima kwanza apange kwenye karatasi, aone maneno yanakaaje. Akaagiza meza. Meza ikaletwa kutoka nyumbani, watu wawili wameibeba vichwani. Akatoa mkoba, akatoa kifuko, akatoa kitambaa. Kalamu ikagoma, wino ulikuwa umekaukia kwenye nibu. Akaiosha ndani ya glasi ya maji ambayo nilikuwa nimemletea baba anywe.

Kisha akaandika. Akafuta. Akachukua karatasi nyingine. Mara anataka yatangulie maneno ya kumuaga mama, mara hapana, jina lianze. Shangazi na wengine walikuwa wamemzunguka wanatazama ile nibu inavyotembea, na mimi sitasema uongo, mwandiko ulikuwa mzuri. Herufi zilinenepa zikishuka na kukonda zikipanda. Shangazi akasema ni kama cheti. Kaka akasikia, akapunguza mwendo zaidi.

Mimi nilikuwa pale kaburini nagusa niru. Mwanzo kidole kilizama. Baadaye kikaacha alama hafifu. Nikaenda nikamwambia kwa sauti ya chini, kaka, inashika. Hakuinua hata kichwa.

"Mdogo wangu, kitu cha milele hakiandikwi kwa pupa."

Pupa! Nikamwendea fundi, nikamwambia nipe huo msumari. Baba akanisikia, na akasema niache, kaka yangu ataandika, yeye ndiye anayejua kuandika. Alisema kwa furaha kabisa. Ningefanyaje? Nikarudi nikasimama. Fundi alinyunyiza maji mara moja, kisha akaanza kuosha vyombo vyake, maana alikuwa na kazi nyingine Peramiho na hakuficha kwamba anachelewa.

Hatimaye kaka akanyanyuka, karatasi mkono mmoja, msumari mkono mwingine, ameuzungushia leso asichafuke. Akapiga magoti. Akaweka ncha pale kichwani pa kaburi, akavuta. Msumari ukateleza, ukapiga kelele, ukaacha mkwaruzo mweupe kama wa kuku. Akakandamiza. Niru haikusikia chochote. Akamgeukia fundi, fundi akawa anafunga kamba za viatu. Ndugu zetu wote, waliokuwa wakishangaa cheti, sasa kila mmoja akawa anaangalia upande wake.

Baba pale kitini akauliza kama tayari.

Hapo ndipo kaka yangu alipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe hana. Alikwenda akamwekea baba ile karatasi mikononi. "Baba, nimeshaandika," akasema. Hakusema ameandika wapi.

Baba akatabasamu. Akaishika karatasi kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kulia akakiweka juu, akaanza kutafuta. Akapita kutoka ukingo hadi ukingo. Akarudi. Akashuka chini, akapanda. Tabasamu likawa linaondoka kidogo kidogo. Wino, tofauti na saruji, ulikuwa haujakauka, na kila kidole kilipopita, mwandiko ule mzuri uligeuka tope la bluu. Baba akaacha kutafuta. Akasema kwa Kingoni, lugha waliyokuwa wakizungumza yeye na mama wakiwa wawili:

"Yuko wapi?"

Kaka akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa laini. Nikashukuru moyoni, nikasema angalau atamfuta baba kidole. Akaifuta kalamu. Aliifuta nibu vizuri, pande zote mbili, akaifunga kifuniko, akairudisha kwenye kifuko chake.

Nilikwenda kwenye ndoo ya fundi, nikatoa patasi na nyundo, nikapiga magoti pale kichwani. Hakuna aliyenizuia, wala baba. Nilichonga kama mtu anayegombana. Vipande viliruka, mikono ikaniuma, herufi ya pili ilitoka kubwa kuliko ya kwanza, na ya mwisho ilibomoa ukingo wa niru. Mwalimu yeyote angeikatia maksi kazi ile, na mimi ningekuwa wa kwanza. Nilipomaliza nilimshika baba mkono, nikamsogeza, nikamwinamisha, nikaweka kidole chake kile kile chenye wino ndani ya herufi ya kwanza.

Kikaingia. Kikaifuata mpaka mwisho wake, kikapapasa, kikaipata ya pili, na midomo ya baba ikawa inacheza. Alipofika kwenye ile iliyobomoka akasimama kidogo.

"Ndiye," akasema, na kidole kikarudi mwanzo.