VM yenye saa ya marehemu baba: nilivyoitafuta salamu moja kwenye kompyuta iliyokufa

Wakuu, heshima kwenu nyote. Nitakayoyaeleza yametokea nyumbani kwangu, nami nitajitahidi nisitie chumvi hata punje.

Mimi ni mwalimu wa historia, naishi Korogwe mjini. Mezani kwangu ipo desktop moja tu, ya mtumba, niliyoiongezea RAM kadiri mfuko ulivyoruhusu. Ndani yake zinaishi kompyuta tatu.

Kwa wasiofahamu: virtual machine ni kompyuta kamili inayoendeshwa ndani ya nyingine, kama programu. Ina diski yake, mfumo wake, hata saa yake. Unaweza kuziwasha zote kwa pamoja na kuhama kutoka moja hadi nyingine kwa kubonyeza vitufe, bila kunyanyuka kitini.

VM ya kwanza ina Linux. Humo naandika makala zangu. Ya pili ina Windows ya kisasa, kwa ajili ya kazi za shule. Ya tatu nimeipa jina Mnyuzi.

Hiyo ni kompyuta ya marehemu baba.

Mashine yenyewe iliungua zamani. Hard disk ikapona. Nikainakili yote ikawa faili moja kubwa, nikaiwasha kama VM. Ikaamka Windows XP ile ile, picha ya shamba la mkonge nyuma, icon zimepangwa pembeni kama alivyoziacha. Uliposikika ule mlio wa kufunguka, nilikaa wima kama niliyeingia chumbani kwa wazazi bila kubisha hodi.

Baba alikuwa mjukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge wakabaki. Alilima mahindi, aliongoza kwaya, na alipenda kurekodi: mazoezi ya nyimbo, hadithi za wazee, hata treni ikipita. Programu aliyotumia ni ya kizamani mno. Faili zake hazifunguki kwenye mfumo wowote wa leo, nimejaribu. Ni lazima uingie Mnyuzi. Nazo ni mamia, hazina majina, zina namba na muda tu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Mama bado anaishi kijijini Mnyuzi. Siku moja alikuja kututembelea, akanikuta nahama kutoka VM moja hadi nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafungua na kufunga tu, kama mtu aliyesahau alichofuata ghalani."

Mke wangu, ambaye ni Msambaa na hakosi neno kwa Wazigua, kabila la mama, akadakia jikoni: "Ndivyo walivyo watoto wa Kizigua, mama. Nyumba moja haiwatoshi."

"Nyamaza wewe, mla ndizi," mama akamjibu. "Ulikuja mwenyewe."

Tulicheka. Kisha mama akavuta kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini kama salamu yake bado imo humo.

Sikujua salamu gani. Akanieleza.

Katika mwezi wa mwisho wa uhai wa baba, mama alikuwa kwao Mkata, akimuuguza dada yake. Baba alimpigia simu: "Nimekurekodia salamu hapa, leo saa mbili, baada ya kula. Ukirudi utaisikiliza." Mama aliporudi alikuta baba amekimbizwa hospitali. Hakutoka tena. Kompyuta ikafunikwa kitenge, na kabla ya kuipatia mtu wa kuifungua, ikaungua.

"Uso wake ninao," mama alisema. "Sauti ndiyo inanitoka. Juzi nimejaribu kuikumbuka, nikasikia ya kaka yake."

Tarehe hakuikumbuka. Alikumbuka saa tu: saa mbili usiku.

Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni kumbukumbu ya kutosha. Niliingia Mnyuzi, nikapanga faili zote za mwezi ule kwa muda, nikatafuta za saa mbili usiku, yaani 8 PM.

Hakuna.

Nikatafuta za usiku wowote, kisha za miezi yote. Hakuna hata moja. Zote zilikuwa za asubuhi na za mchana, nyingi zikikusanyika kwenye 2 PM, saa nane.

Nilimgeukia mama, nikamwambia za usiku hazipo, nyingi ni za saa nane mchana; nadhani baba hakui-save.

Mama aliitazama ile orodha. Halafu akauliza: "Hizo za saa nane mchana alirekodi nani?"

"Baba."

"Baba yako yupi? Saa nane huyu yuko shambani na jembe. Kompyuta haigusi mpaka ale."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Mbili."

"Si ndiyo hiyo mbili!" Akapiga paja. "Alikataa kusoma nane halafu aseme mbili. Alisema, saa ya ukutani nimeikuta imeshaharibiwa, hii ni yangu, itasoma ninavyosema."

Wakuu, baba aliiweka kompyuta kwenye saa ya Kiswahili.

Sikuwa nimeona, kwa sababu VM huifuata saa ya kompyuta inayoibeba. Kila nilipoiwasha, pembeni ilisomeka sawasawa. Lakini muda wa faili za zamani haukuguswa. Kwake tarehe ilibadilika kunapopambazuka, na 2 PM yake ilikuwa saa mbili usiku.

Nilifungua za 2 PM za mwezi ule. Ya kwanza kwaya. Ya pili kwaya. Ya tatu ilianza na kikohozi, na mama akanishika mkono.

"Mama Yohana, hujambo. Huku tumekula ugali na kisamvu. Kisamvu hakikuiva, usiulize nani kapika. Mbuzi wako kala kamba tena. Msalimie shemeji. Usikimbilie kurudi kwa ajili yangu." Akakohoa tena. "Ila rudi."

Mama alisogea karibu na spika.

"Kisamvu hukukitwanga, kitaivaje?" akaiambia. Kisha polepole: "Nilirudi, mzee. Nilirudi."

Mke wangu alizima jiko, akaja kusimama mlangoni. Hakuwa na utani.

Nilichojifunza ni hiki. Nawafundisha wanafunzi kwamba kila hati huulizwa imeandikwa na nani, kwa hesabu ya nani. Sikuwahi kuiuliza saa iliyo pembeni ya screen. Mnaohamisha kompyuta za wazazi kwenda kwenye VM, izuieni kwanza VM isifuate saa ya kompyuta inayoibeba, muangalie mwenyewe aliishi kwa saa gani, kabla hamjamsahihisha.

Nilitaka kumwekea mama sauti ile kwenye simu yake. Amekataa. "Kwenye simu wananipigia watu wa michango. Huyu nitamfuata mwenyewe."

Karibuni kwa maswali, marekebisho na visa vyenu. Nitachelewa kidogo kujibu. Mama ameshashuka stendi.