Bastola Iliyoundwa Jikoni

Mwenye nyumba wangu wa kwanza London alikuwa mgane, Mhindi aliyezaliwa na kukulia Kisumu. Alinipangisha chumba cha juu kwa sababu, alisema, alitaka mtu wa kuongea naye Kiswahili. Nyumba ilikuwa Rayners Lane, dakika tano kwa miguu kutoka stesheni. Mimi nilikuwa nimetoka Nakuru miezi minane tu, nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee kule Harrow. Nilipomsikia akisema, "Karibu, ngojea kidogo, natengeneza chai," kwa ile lafudhi ya dukani niliyoizoea tangu utotoni, nilikubali chumba kabla ya kukiona.

Laiti ningeliona jiko kwanza.

Meza ya kulia chakula ilikuwa imejaa vyuma. Kulikuwa na jiliwa la kubania lililofungwa ukingoni mwa meza, tupa za kila ukubwa, vikopo vya grisi, na springi zilizolowekwa kwenye vikombe vya chai. Katikati ya takataka zile, juu ya taulo ya kuogea iliyokuwa nyeupe zamani, palilala kitu kisicho na mpini, chenye mtutu mrefu mweusi na tumbo la fedha.

"Usiogope," mzee akaniambia. "Hii ni ya upepo. Ya kupiga karatasi tu."

Alikuwa amelenga shabaha kwa miaka ishirini kwenye klabu moja nje kidogo ya Harrow. Kisha serikali ikapiga marufuku bastola nchi nzima, naye akaipeleka yake kituo cha polisi ndani ya mfuko wa dukani, akaikabidhi, akarudi nyumbani kwa basi. Zilizobaki halali ni zile za kusukuma risasi kwa upepo. Za dukani hazikumpendeza hata moja. Moja ilikuwa na mtutu mzuri na mpini mbaya, nyingine kinyume chake. Kwa hiyo aliamua kuunda yake kwa vipande vya nyingine: mtutu wa bastola kuukuu ya Kijerumani, mtungi wa upepo wa bastola ya nchi nyingine, kifyatulio cha bunduki ya mashindano iliyovunjika. Hakuna kipande kilichotengenezwa kukutana na mwenzake. Kazi yake ilikuwa kuvilazimisha, na aliifanya pale pale tulipolia chakula.

Watu hudhani kazi yangu ingenizoesha uchafu. Siku nzima nilikuwa nawaosha watu wazima, nawabadilisha, nafuta walichotapika, na sikuwahi kuona kinyaa. Mtu mgonjwa hachagui. Lakini mzee huyu alikuwa mzima, mwenye nguvu zake na sabuni yake. Alinusa springi kabla ya kuitumia, akaipangusa kwenye pazia. Vijirisasi alivilamba kimoja kimoja ili viteleze, na vile ambavyo hakuvipenda alivitemea kwenye sinki, juu ya vyombo. Asubuhi moja niliweka chumvi kwenye yai, nikatafuna, nikasikia kitu kinasaga kwenye meno. Ulikuwa unga wa chuma. Kopo la chumvi lilikuwa limekaa wazi usiku kucha chini ya tupa yake.

"Chuma ni nzuri kwa damu," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Halafu ikaja zamu ya unga wangu. Wakati ule unga wa ugali ulikuwa haupatikani kila mahali; nilipanda treni mpaka Wembley kuutafuta, nikaubeba kama mtoto. Siku moja nikakuta pakiti imefunguliwa.

"Mzee, nani ametumia unga wangu?"

"Mimi. Kidogo tu. Angalia." Akafungua friji, akatoa bonge la ugali mkavu lililofinywa, lenye alama za vidole vyake vitano na kiganja chake, hata ile mistari. "Mpini lazima ikae kama mkono yangu mwenyewe. Hii ndiyo mfano."

Bonge lile lilikaa kwenye friji wiki tatu, karibu na maziwa. Likaota nywele za kijani kati ya vidole. Nilipomwambia nalitupa, alikuja juu kama nimetishia kutupa mkono wenyewe. Nikaanza kununua maziwa ya chupa ndogo na kuyaficha dirishani chumbani kwangu.

Mbao ya mpini ndiyo iliyonichukiza kuliko vyote. Marehemu mkewe alikuwa ameacha kibao cha kusukumia chapati, cha duara, kizito, mbao ya mvule aliyotoka nayo Kisumu walipohama. Kilitundikwa ukutani kando ya jiko, kimelainishwa katikati na miaka yote ile. Nilikuwa nimekiomba mara moja, akanikatalia. Alisema hakuna mkono mwingine utakaokigusa. Niliheshimu hilo, nikasukuma chapati zangu kwenye kaunta.

Jumamosi moja nilirudi kutoka shifti nikakuta kibao kimebanwa kwenye jiliwa, kimekatwa vipande vitatu. Alikuwa anavipaka gundi ili avigandishe pamoja, apate unene wa kuchonga. Gundi ilinuka mpaka ngazini.

"Mzee! Kibao cha mama?"

"Mvule kama hii hapa hakuna," alisema, bila kuinua macho. "Na yeye hawezi sukuma chapati tena."

Nilipanda juu, nikakaa kitandani na koti langu bado mwilini. Niliona aibu kwa niaba ya mwanamke ambaye sikumjua.

Sasa hapa lazima niseme ukweli. Bastola ilipokamilika, ilikuwa nzuri. Sijui namna ya kulieleza hilo bila kujidharau. Mpini wa mvule uling'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta, mtutu na mtungi vilikuwa vimekutana kana kwamba vilizaliwa pamoja, na mzee alipoiinua kwa mkono mmoja, ilitulia hewani. Aliniomba nimsindikize klabuni kushuhudia siku ya kwanza. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na kazi siku hiyo na nyumba ilikuwa baridi.

Klabu ilikuwa banda refu lenye heta mbili. Wazee wa Kizungu wenye sweta walisimama kwenye mstari, kimya, kila mmoja na karatasi yake mita kumi mbele. Mzee wangu alipiga raundi yake. Mkono ulimtetemeka. Alikuwa ametumia miaka miwili kuunda bastola, na katika miaka hiyo miwili mkono ulikuwa umezeeka.

"Jaribu wewe," akaniambia.

Mpini ulikuwa mkubwa kwangu, umbo la vidole vya mtu mwingine, lakini nilipata mahali pa kushika. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu kama alivyonielekeza. Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu aliyepiga kofi mara moja. Tundu likaonekana kwenye weusi wa katikati. La pili likaligusa la kwanza. Wazee wa sweta wakageuka. Mzee wangu akapiga makofi, akasema kwa sauti, "Mkono ya daktari! Huyu ana mkono ya daktari!"

Nilifurahi. Tangu nifike nchi ile hakuna aliyekuwa amenisifu kwa jambo lolote. Nikaanza kwenda naye kila nilipopata nafasi. Nikala tena kwenye ile meza, nikapuuza grisi. Hata mate kwenye vijirisasi nikaacha kuyaona.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, Jumapili moja, alikuja shemeji yake, kaka wa marehemu, kutoka upande wa Wembley. Alikuwa mtu mnene, mwenye mzaha, aliyependa kula amesimama. Mzee akamtolea bastola. Shemeji akaigeuza, akaukandamiza mpini kwenye kiganja, akausifu. "Mbao nzuri sana hii. Umetoa wapi?"

Mzee akajibu, "Kenya."

Nilikuwa nimesimama pale na sahani ya sambusa. Mtu yule alikuwa ameshika kibao cha dada yake, na pengine alikula miaka mingi chapati zilizosukumwa juu ya mbao hiyo. Mzee alinitazama mara moja, akaona kwamba sitasema, akatulia.

Tukatoka nje, bustanini. Mzee alikuwa ametundika karatasi kwenye uzio wa nyuma. Akapiga mbili, zote pembeni. Shemeji akacheka.

"Miaka miwili kwa kutoboa karatasi? Na hata karatasi unakosa!" Akanyoosha sambusa yake kuelekea kwenye nyasi. "Piga kitu inatembea."

Kwenye nyasi, chini ya uzio, palikuwa na njiwa pori mmoja, wa wale wanene wa kijivu wenye doa jeupe shingoni. Alikuwa anadonoa makombo ambayo mimi mwenyewe niliyamwaga asubuhi.

Nilidhani mzee atakataa. Alikuwa ameniapia mara mia kwamba ni ya karatasi tu. Aliutazama mkono wake. Kisha akanigeukia, akaninyooshea mpini.

"Wewe piga. Wewe hukosi."

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyenishika. Nakumbuka vizuri nilichofikiria: nilifikiria kwamba shemeji ananitazama, na kwamba sitaki kukosa. Nikaweka sahani chini. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu.

Njiwa hakufa. Alianguka kwa ubavu, akaanza kuzunguka, bawa moja likipiga nyasi, akizunguka, akizunguka, kama kitu kilichokwama. Damu ilikuwa kidogo tu, na macho yalikuwa wazi. Bastola ile ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya karatasi kweli. Haikuwa na nguvu ya kumaliza ilichokianza.

Shemeji akashangilia. "Shabash! Shabash!" Makombo ya sambusa yakamtoka mdomoni.

"Ongeza ingine," mzee akasema, akaingiza kijirisasi mdomoni, akakilamba, akanipa.

Kilikuwa cha moto na chenye mate. Kilikaa kwenye kiganja changu, na miaka yote miwili ya jiko lile ikanipanda kooni kwa mara moja. Nikatapika pale pale kwenye nyasi, mbele yao. Nilipoinuka, njiwa alikuwa bado anazunguka. Nikaenda, nikamshika. Alikuwa na joto, na moyo wake ulikimbia ndani ya vidole vyangu. Nyumbani nimechinja kuku wengi, nilijua la kufanya, nikalifanya. Nikamzika karibu na pipa kwa mwiko wa bustani, na nyuma yangu nikawasikia wanaume wawili wakijadili kama ni upepo uliopeleka risasi chini kidogo.

Niliosha mikono mpaka ikauma. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia mzee, kwa maana yeye hakujua kwamba kuna jambo limetokea. Jioni alibisha mlango wangu, akaleta chai.

"Umekasirika kwa sababu ya ndege?"

"Ndiyo."

"Ndege ni wengi," alisema kwa upole, na nadhani alitaka kunifariji.

Kabla ya mwezi kwisha nilihamia Wembley, chumba kidogo nilichochangia na nesi wa Mombasa. Alipika vizuri na alifunika chumvi yake. Sikumsimulia kwa nini sikuweza kula nyama ya ndege kwa muda mrefu.

Miaka kama sita baadaye nilikutana na mzee kwenye maduka ya Harrow. Alikuwa amepungua, anatembea na fimbo, lakini alinitambua kwanza yeye. Tukasalimiana kwa furaha ya kweli. Hilo pia lazima niliseme. Akaniuliza habari za watoto, nikamwambia ninao wawili. Akaniambia shemeji alifariki. Nikampa pole.

"Na bado unapiga?" akauliza.

"Sipigi, mzee."

Akatikisa kichwa, amesikitika sana. "Mkono kama ile," alisema. "Kupoteza bure."

Akautwaa mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akaukagua pale katikati ya watu kama fundi anayekagua kipande. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na chini ya kucha kulikuwa na grisi. Nilimwacha aushike kwa heshima ya umri wake, nikihesabu moyoni. Kisha nikamwambia basi langu limefika, ingawa hapakuwa na basi, nikavuka barabara, nikaingia duka la kwanza lililokuwa na choo, nikatafuta sabuni.