Kitufe cha Magurudumu Manne

Gari langu la kwanza na la mwisho ni kijeep cha kijivu ambacho kilishazeeka mikononi mwa watu wengine kabla hakijanifikia hapa Gisenyi. Wajuzi watakuambia ni gari la mjini lililojivika umbo la jeep, na hawakosei. Kimeinuka kiasi cha kutogusa mawe. Injini yake ya lita mbili haina haraka, lakini haikatai mlima ukiipa muda. Mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu kama wa kabati, umebeba tairi la akiba mgongoni, na viti vinalala mpaka mtu mzima ajinyooshe. Gia zinajibadilisha zenyewe. Kipoza hewa kilikufa zamani, ila kwa baridi ya Nengo, ninakoishi, nani anakihitaji? Kijeep hiki ninakipenda mpaka leo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Katikati, karibu na mkono wa gia, kuna kitufe. Ukikibonyeza, magurudumu ya nyuma yanasaidiana na ya mbele kuvuta gari, na taa ndogo ya manjano inawaka mbele ya dereva. Mama alikipenda kitufe hicho kuliko redio. Aliishi Kanzenze, kwenye shamba lake la viazi, bondeni chini ya barabara ya lami, na kila tulipoanza kupanda kutoka kwake alininyooshea kidole.

"Finya ile kitu," alisema. Alirudi kutoka Kongo akiwa mtu mzima, na Kiswahili cha kule, chenye Kifaransa ndani yake, hakikumwacha.

Baadaye akaacha kuniamuru, akawa anakifinya mwenyewe. Taa ikiwaka anajiegemeza kitini kama mtu aliyemaliza kazi. "Unaona? Voiture ya mutoto yangu iko na nguvu."

Sasa niwaeleze kuhusu ingobyi. Ni machela ya kusukwa, ya kubebea wagonjwa. Kule bondeni kwa mama kaya zimejiunga: mtu akiugua, wanaume wanamweka humo, wanampandisha mabegani kwa zamu mpaka kwenye lami. Kila nyumba inatoa mbebaji, na mbebaji wa nyumba ya mama nilikuwa mimi, japo naishi mjini. Nilipopata gari, nilikwenda kwenye mkutano wao wa Jumapili nikasimama mbele ya watu. Nilisema ninajitoa, kwamba mama yangu hatabebwa tena mabegani kama gunia la viazi, kwa sababu ana gari. Nilivimba kichwa, sina neno lingine. Watu walicheka kwa adabu, na mama akawa anaangalia miguu yake.

Halafu gari likaanza kunguruma chini. Fundi wangu alilala chini ya tumbo lake, akatoka akisema ni ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Ushauri wake ulikuwa ule wanaopewa wengi wenye magari ya namna hii hapa mjini: itoe, iweke stoo, gari litakuwa jepesi na litakunywa mafuta kidogo. Unatembea kwenye lami tu, unaihitaji ya nini? Nilikubali. Shafti niliifunga kwenye gunia nikaisimamisha nyuma ya mlango wa stoo, nikajiambia nitairudisha kabla ya mvua.

Taa ya manjano iliendelea kuwaka. Kitufe hakikuwa na habari kwamba chini yake kumebaki pengo. Mama aliendelea kukifinya, na mimi, badala ya kumwambia, nilinyamaza, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kikavu na tulipanda vizuri kwa magurudumu mawili. Ningemwambiaje? Nilishajisifu mno.

Mvua zikaja, nami nilikuwa na shughuli za ofisini kila wiki. Asubuhi moja simu ikalia, na alikuwa jirani wa mama, mwanamke aliyezoea kumpelekea maziwa. Amemkuta ameanguka jikoni. Mdomo umepinda, mkono wa kulia haumsikii. Ambulance ya kituo cha afya ilikuwa imekwisha kwenda mjini na mama mjamzito.

"Niite watu ya ingobyi?" akaniuliza. "Wako hapa karibu, wanalima."

Jibu langu nalisikia kila siku. Nilisema, "Hapana. Musimuguse. Mi nakuja na gari."

Sikujisahau. Wakati ninasema hivyo niliiona ile shafti kwenye gunia. Lakini niliona haya kuwaita watu niliowatupia maneno makubwa, nikajipa moyo kwamba njia haitakuwa mbaya sana. Niliendesha kupita Rugerero nikiwa nimekanyaga mafuta kwa mguu wote, na injini ilifanya yote niliyoiomba. Nilipoiacha lami, kijeep kiliteleza kushuka mpaka mlangoni kwa mama bila shida yoyote. Kushuka hakuhitaji shafti.

Tulimlaza kwenye kiti cha mbele, nikakilegeza mgongo. Jirani alikaa nyuma akimshika kichwa. Mama alinitazama, jicho moja likiwa limelegea. Niliwasha gari. Tulipanda hatua kama thelathini, kisha magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka pale pale, yakichimba udongo mweusi. Uzito wote ulikuwa umerudi nyuma, na huko nyuma magurudumu yalikuwa mapambo. Nilirudi chini, nikajaribu tena. Nikaweka matawi, nikaweka mawe, nikaweka mikeka ya gari. Nilikuwa nalia kama mtoto na sikujali nani ananiona.

Hapo mama akainua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima. Uliyumba hewani, ukatafuta, ukakipata kitufe. Akafinya. Taa ya manjano ikawaka. Mama akaniangalia akingoja gari lipande.

Nilikanyaga mafuta. Sijui kwa nini, labda ili asione uso wangu. Gari lilipiga kelele likatulia upande, likiwa limeegemea ukingo wa shamba.

Jirani alishuka bila kuniomba ruhusa, akaweka viganja mdomoni akaita kuelekea mashambani. Wanaume walitokea wakikimbia, majembe wameyaacha, ingobyi wameishaitoa. Mzee anayewaongoza alikuwa mbele yao.

"Muzee, munisamehe," nilisema. "Mi nilitoka kwenu."

"We ulitoka," alijibu, huku anamvisha mama blanketi. "Mama hakutoka. Kila mugonjwa tulibeba, yeye iko nyuma yetu, anabeba viatu yetu. Donc, toka kwa njia."

Sikujua. Miaka yote hiyo hakuniambia hata neno moja. Walimwinua wakapanda peku, kwa hatua ndogo za haraka, wakipokezana bila kusimama, na nilipowafuata nilikuwa nimekumbatia viatu vyao. Juu kwenye lami tulisimamisha gari la abiria, nalo likatufikisha hospitali. Daktari aliniuliza ameanguka saa ngapi, nikamtajia. Akauliza kwa nini tumechelewa hivyo. Nikasema ni matope.

Mama aliishi siku nne. Maneno yalimtoka kwa shida, lakini yalimtoka. Siku ya tatu ndugu zetu walikuja kumwona, na mmoja akanisimanga kwamba gari lenyewe liko wapi, lile nililotamba nalo. Mama akageuza kichwa kwenye mto.

"Iko na nguvu," alisema polepole. "Mi nilifinya. Taa iliwaka. Ni matope tu."

Nilikuwa nimeshika mkono wake. Pale pale ningemwambia. Niliufungua mdomo, nikamwuliza kama anataka maji.

Wiki iliyopita alikuja mtu wa kulinunua gari, mwalimu anayeishi Rugerero, juu kabisa ambako lami haifiki. Alizunguka akipiga mateke matairi, akaufungua mlango wa nyuma, akasikiliza injini, akaridhika. Mwishowe aliketi ndani akakibonyeza kitufe, na taa ikawaka.

"Bon," alisema akitabasamu. "Inafanya kazi."

"Haifanyi," nilimwambia. "Taa tu ndiyo inafanya. Chini hakuna kitu. Mimi ndiye nilitoa."

Alinishangaa, kwa sababu wauzaji hawasemi hivyo. Akatoa kidole kwenye kitufe na kuniuliza kama kuna mtu niliyewahi kumpakia bila kumwambia hivyo.